Maswali ya Wasomaji: Sifa Iliyojificha Huwa Imekwenda Wapi?

Barua kuhusu urithi wa sifa kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto zimekuwa nyingi kiasi kwamba safu ya toleo hili tumeitenga kwa somo hilo peke yake. Baadhi ya barua tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha kwa ombi lao.

Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu hatuna ualbino, wala wazazi wetu wa pande zote mbili hawana. Mtoto wetu wa kwanza amemfanana baba yake, lakini wa pili amezaliwa na ualbino. Ndugu wa mume wananinyooshea kidole na kusema jambo hili limetoka upande wangu. Naomba nielezwe ukweli. (Mama wa watoto wawili)

Mama, kwanza hongera kwa kujaliwa mtoto. Ukweli ni kwamba ualbino wa ngozi, nywele na macho hautokei mpaka mtoto apokee chanzo chake kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, kwa hiyo wanaokunyooshea kidole wanapaswa kumnyooshea na ndugu yao, au bora zaidi waache kabisa kunyoosha vidole.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja aliyoipata kwa mama na nyingine kwa baba. Jeni ni maelekezo ambayo seli huyafuata inapotengeneza kitu fulani cha mwili, na baadhi ya maelekezo hayo yanahusu melanini, yaani rangi inayotia weusi katika ngozi, nywele na macho. Mtu mwenye nakala moja isiyofanya kazi na nyingine iliyo nzima hana dalili yoyote, kwa sababu nakala ile moja nzima inatosha kuupa mwili wake melanini. Mtu huyo huitwa mbebaji. Anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua, kama walivyoishi kabla yake mzazi wake, babu yake na baba wa babu yake, nakala hiyo ikipokezwa kimyakimya kutoka kizazi hadi kizazi.

Wabebaji wawili wa jeni ileile wanapooana, kila mmoja humpa mtoto nakala moja tu kati ya mbili alizonazo, bila kuchagua. Hivyo katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 kwamba mtoto atapata nakala mbili nzima, 2 kati ya 4 kwamba atakuwa mbebaji kama wazazi wake, na 1 kati ya 4 kwamba atapata nakala mbili zisizofanya kazi na kuzaliwa na ualbino. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Haina kumbukumbu ya watoto waliotangulia, na ndiyo maana wapo wazazi wabebaji wasiopata mtoto hata mmoja mwenye ualbino na wapo waliopata watatu mfululizo. Mtoto wako wa kwanza, kwa kuwa tunajua hana ualbino, ana uwezekano wa 2 kati ya 3 wa kuwa mbebaji.

Niongeze jambo moja ambalo huwashangaza wengi. Ualbino unaweza kusababishwa na jeni zaidi ya moja, na wazazi wawili wenye ualbino wa jeni tofauti wanaweza kuzaa watoto wote wasio na ualbino, kwa sababu kila mzazi hutoa nakala nzima ya jeni iliyoharibika kwa mwenzake.

Kabla ya kujulikana kwa jeni, watu wenye elimu walifikiri watoto hufanana na wazazi kwa njia gani? (Mpenzi wa historia)

Jibu kamili lingejaza kitabu, kwa hiyo nitachagua. Aristotle, katika Ugiriki ya karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba baba hutoa umbo na mama hutoa malighafi, fundisho ambalo liliwapendeza wanaume na likadumu kwa karne nyingi. Hadubini zilipopatikana, Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliziona mbegu za kiume mwaka 1677, na baadhi ya wataalamu wakashikilia kwamba ndani ya kila mbegu amejikunyata mtu mdogo aliyekwisha kukamilika viungo vyote. Mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker alichapisha hata mchoro wake. Wengine walimweka mtu huyo ndani ya yai. Pande zote mbili zilishindwa kueleza jambo ambalo kila mkunga analijua, yaani kwamba mtoto mmoja anaweza kuwa na pua ya baba na macho ya mama.

Kufikia karne ya 19, maoni yaliyoenea yalikuwa kwamba sifa za wazazi huchanganyika ndani ya mtoto kama rangi mbili zinavyochanganyika katika kopo moja. Maoni hayo yanaingia akilini upesi, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu rangi zikishachanganyika hazitengani tena. Mwaka 1867 mhandisi Fleeming Jenkin, akiihakiki kazi ya Charles Darwin, alionyesha kwamba kama urithi ungekuwa wa namna hiyo, sifa mpya yenye manufaa inayojitokeza kwa kiumbe mmoja ingepungua nusu kwa watoto wake, robo kwa wajukuu wake, hadi ipotee kabla haijapata nafasi ya kuenea. Darwin alikuwa na nadharia ya mageuzi bila kuwa na nadharia ya urithi inayoweza kuibeba.

Mwaka uliofuata, 1868, Darwin alitoa dhana yake mwenyewe: kwamba kila sehemu ya mwili hutoa vijichembe vidogo sana vinavyosafiri na kukusanyika katika viungo vya uzazi. Binamu yake, Francis Galton, aliamua kuijaribu. Alihamisha damu kutoka kwa sungura wa rangi moja kwenda kwa sungura wa rangi nyingine, kisha akawazalisha. Watoto walitoka na rangi za wazazi wao kana kwamba hakuna damu iliyohamishwa. Galton alipotangaza matokeo hayo mwaka 1871, Darwin alijibu kwamba hakuwahi kuitaja damu kuwa ndiyo njia ya vijichembe hivyo, jibu ambalo naliona kuwa la kujihami kuliko la kushawishi.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa Mjerumani August Weismann, aliyesema kwamba seli za uzazi zimetengana na seli nyingine za mwili, na kwamba yanayoupata mwili hayaandikwi katika seli za uzazi. Aliwakata mikia panya kwa vizazi vitano. Walizaliwa panya zaidi ya 900, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa bila mkia.

Tunafundishwa kwamba Mendel ni baba wa jenetiki kwa sababu ya njegere. Lakini njegere zimelimwa kwa maelfu ya miaka. Yeye aliona nini ambacho wengine hawakukiona? (Mwanafunzi wa sekondari)

Swali zuri, na jibu lake ni kwamba alichokiona kwa macho, wengine walikwisha kukiona. Thomas Andrew Knight wa Uingereza alivuka njegere, yaani alilipaka ua la aina moja chavua ya aina nyingine, tangu mwisho wa karne ya 18 na kuona sifa moja ikiifunika nyingine. Darwin mwenyewe alivuka maua ya jamii ya Antirrhinum yenye umbo la kawaida na yenye umbo lisilo la kawaida. Kizazi cha kwanza chote kilikuwa cha umbo la kawaida, na katika kizazi cha pili akapata mimea 88 ya kawaida, 37 ya umbo la pili na 2 ya katikati. Aliziandika namba hizo katika kitabu chake cha 1868, kisha akapita. Mendel asingepita.

Gregor Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika familia ya wakulima, katika kijiji ambacho leo kimo Jamhuri ya Cheki. Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Waagustino mjini Brno. Alifeli mtihani wa ualimu mwaka 1850, akapelekwa Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia 1851 hadi 1853, na huko alisoma fizikia kwa Christian Doppler na elimu ya mimea kwa Franz Unger. Mimi naamini kwamba somo la fizikia lilimsaidia kuliko la mimea, kwa sababu alirudi akiwa na mazoea ya kuuliza swali dogo linaloweza kujibiwa kwa namba.

Tazama alivyojiandaa. Alipata aina 34 za njegere, akazijaribu kwa miaka miwili ili ahakikishe kwamba kila aina huzaa mfano wake bila kubadilika, na akabaki na aina 22. Kisha akachagua sifa saba zinazoonekana wazi, zisizo na hali ya katikati: punje ya mviringo au iliyokunjamana, punje ya njano au ya kijani, shina refu au fupi, na nyinginezo. Ua la njegere hujichavusha lenyewe likiwa limefumba, kwa hiyo ilimbidi alifungue likiwa bado changa, avitoe viungo vya kiume kimoja kimoja kwa koleo dogo kabla havijatoa chavua, alipake chavua ya mmea mwingine, kisha alifunike kwa mfuko ili wadudu wasimharibie kazi. Kazi hiyo aliifanya kuanzia 1856 hadi 1863, kwa mimea ipatayo 28,000.

Alipovuka njegere za mviringo na zilizokunjamana, punje zote za kizazi cha kwanza zilikuwa za mviringo. Kama sifa zingekuwa zimechanganyika kama rangi katika kopo, tungetegemea mikunjo ya wastani, lakini haikuwapo. Akaiacha mimea ya kizazi hicho ijichavushe, na katika kizazi cha pili mikunjo ikarudi, ikiwa kamili kama ya bibi yao, ndani ya ganda lilelile lililobeba punje za mviringo. Wengi wangeishia kusema kwamba mikunjo imerudi. Mendel alihesabu: kutoka mimea 253 alipata punje 7,324, na kati ya hizo 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zilikuwa zimekunjamana. Kwa rangi alipata 6,022 za njano na 2,001 za kijani. Ni karibu 3 kwa 1 mara zote mbili.

Umuhimu wa kuhesabu nyingi utauona ukitazama mmea mmoja mmoja. Mendel aliandika kwamba mmea mmoja ulitoa punje 43 za mviringo na 2 tu zilizokunjamana, na mwingine ukatoa 14 na 15. Mkulima aliyetazama mmea wa kwanza angesema mikunjo ni nadra sana, na aliyetazama wa pili angesema ni nusu kwa nusu, na wote wawili wangekuwa wamesema kweli kuhusu mmea wao.

Wanafunzi wengi hukariri 3 kwa 1 na kusimama hapo, ilhali hatua iliyofuata ndiyo iliyolifungua jambo. Mendel alizipanda zile punje za mviringo za kizazi cha pili ili aone zitazaa nini. Kati ya mimea 565, mimea 193 ilizaa mviringo mtupu, na 372 ilizaa tena aina zote mbili kwa 3 kwa 1. Yaani zile tatu za mviringo, ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha, kumbe ni moja safi na mbili zenye siri. Uwiano wa 3 kwa 1 unaoonekana unaficha uwiano wa 1 kwa 2 kwa 1. Akatumia herufi kubwa A kwa sifa tawala, yaani inayoonekana hata ikiwa peke yake, na herufi ndogo a kwa sifa fichi, ambayo huonekana tu isipokuwapo A. Mmea wa Aa ukitengeneza chavua au mayai, A na a hutengana, kila moja ikiwa nzima kama ilivyoingia. Ndilo jambo kuu katika kazi yake yote: vipengele vya urithi hukaa pamoja bila kuyeyushana.

Baadaye alifuata sifa mbili kwa pamoja. Katika punje 556 alipata 315 za mviringo na njano, 101 zilizokunjamana na njano, 108 za mviringo na kijani, na 32 zilizokunjamana na kijani, karibu na 9 kwa 3 kwa 3 kwa 1, ishara kwamba sifa moja haikujali nyingine inakwenda wapi.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Kwa nini kazi hii ilipuuzwa kwa muda mrefu hivyo, na je, ni kweli kwamba takwimu za Mendel zilitiwa chumvi? (Mwalimu)

Ndugu mwalimu, Mendel aliisoma kazi yake mbele ya Chama cha Sayansi Asilia cha Brno tarehe 8 Februari na 8 Machi 1865, na ikachapishwa mwaka 1866. Haikufichwa, jarida lilifika katika maktaba nyingi. Tatizo ni kwamba wasomaji wa elimu ya mimea hawakuzoea kuona kanuni za hesabu katika mambo yao, na waliona ni taarifa nyingine tu kuhusu machotara. Mtaalamu mashuhuri Carl Nägeli wa Munich aliandikiana naye barua kwa miaka kadhaa bila kuung'amua uzito wa jambo, na yakatokea bahati mbaya zaidi Mendel alipojitumbukiza katika mimea ya jamii ya Hieracium, ambayo Nägeli aliishughulikia sana. Mimea hiyo mara nyingi hufanya mbegu bila kurutubishwa, kwa hiyo watoto hufanana na mama tu na uwiano wa njegere hauonekani. Hakuna aliyelijua hilo wakati huo. Mwaka 1868 Mendel alichaguliwa kuwa abate, yaani mkuu wa monasteri, shughuli za uongozi zikammeza, na akafariki tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900, ndani ya miezi michache, Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria walichapisha kazi zilizoirudisha ile ya Mendel mezani.

Kuhusu chumvi: mwaka 1936 mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher alionyesha kwamba namba za Mendel, zikikusanywa zote, ziko karibu mno na zile zinazotarajiwa kinadharia. Hoja yake kali ilihusu majaribio ambamo Mendel aliamua kama mmea wa sifa tawala ni safi au ni chotara kwa kupanda mbegu 10 tu za kila mmea. Chotara anaweza kwa bahati kutoa mbegu 10 zote za sifa tawala, na ukizidisha robo tatu kwa yenyewe mara 10 utaona kwamba hilo hutokea kwa machotara wapatao 5 au 6 katika kila 100. Hao wangehesabiwa kimakosa kuwa safi, na uwiano usingekuwa 2 kwa 1 kamili. Hata hivyo Mendel aliripoti namba zilizo karibu na 2 kwa 1.

Ubishi huo haujakwisha. Wapo wanaosema kwamba msaidizi alijua matokeo yanayotakiwa, wapo wanaosema kwamba punje zenye mashaka zilipangwa upande uliopendeza, na wapo wanaopinga hesabu za Fisher zenyewe. Binafsi sioni haja ya kumwita Mendel mwongo, kwa kuwa yeyote aliyeyarudia majaribio yake amepata uwiano uleule. Nisingependa, hata hivyo, wanafunzi wafundishwe kwamba namba zake hazina maswali.

Kama sifa hazichanganyiki, mbona mtoto wa mzazi mrefu na mzazi mfupi mara nyingi huwa wa kimo cha kati? Rangi ya ngozi nayo ni hivyo hivyo. (Msomaji mwenye shaka)

Shaka yako iliwagawa wanasayansi kwa karibu miaka 20 baada ya 1900. Jibu lilianza kuonekana mwaka 1909, Herman Nilsson-Ehle wa Sweden alipochunguza rangi ya punje za ngano. Katika uvukaji mmoja alipata punje nyekundu 63 kwa kila nyeupe 1, jambo linaloelezeka ikiwa jeni tatu tofauti huongeza wekundu, kila moja kidogo, na weupe hutokea pale tu zote zinapokosekana. Jeni zikiwa nyingi, ngazi kati ya sifa moja na nyingine huwa nyingi na ndogo hadi jicho linaona mteremko mmoja laini. Mwaka 1918 Fisher, yule yule tuliyemtaja, alithibitisha kwa hesabu kwamba kimo cha wanadamu kinaweza kurithiwa hivyo bila kuivunja kanuni ya Mendel hata kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta tofauti ndogondogo zaidi ya 12,000 katika DNA, kemikali inayobeba urithi, zinazohusiana na kimo, na lishe na afya ya utotoni huongeza zao juu ya hizo. Kwa hiyo mtoto huonekana kama mchanganyiko, lakini nakala alizopokea bado zimetengana ndani yake, na ndiyo sababu wazazi wa kimo cha kati wanaweza kuzaa mtoto anayewapita wote wawili.

Baba ana kundi la damu A, mama ana B, mtoto ana O. Inawezekana? (Msomaji)

Inawezekana kabisa. A na B zote hutawala juu ya O, kwa hiyo kila mzazi anaweza kuwa amebeba nakala ya O bila kuonekana, na wazazi wa namna hiyo wanaweza kuzaa watoto wa makundi yote manne, A, B, AB na O. Jambo lisilotarajiwa ni wazazi wawili wa O kupata mtoto wa A au B, na hata hapo busara ni kurudia vipimo kabla ya kurudia maneno.

Jeni, kromosomu na DNA: hutajwa pamoja kila mara hadi nachanganyikiwa. Ni vitu vitatu au kimoja? Na nani aligundua vinahusiana? (Mwanafunzi wa uuguzi)

DNA ni kemikali. Kromosomu ni uzi mrefu wa DNA uliofungwa pamoja na protini ndani ya kiini cha seli. Jeni ni sehemu ya uzi huo yenye maelekezo fulani. Njegere ina kromosomu 14, mwanadamu ana 46, zikiwa jozi 23, ingawa hadi mwaka 1956, Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu upya, vitabu vilisema ni 48, na wataalamu waliotazama kwa hadubini waliendelea kuziona 48 kwa sababu ndivyo walivyosoma.

Vitu hivi viligunduliwa kwa nyakati tofauti na watu ambao hawakujua kwamba wanashika kitu kimoja. Friedrich Miescher alitenga kemikali ya kiini mwaka 1869 kutoka katika usaha wa bandeji za hospitali, miaka mitatu baada ya makala ya Mendel. Mwaka 1902 na 1903 Mmarekani Walter Sutton, akichunguza seli za panzi, aliona kwamba kromosomu huwa katika jozi, hutengana seli za uzazi zinapoundwa, na huungana tena katika urutubishaji, mwenendo uleule ambao Mendel aliuhitaji kwa vipengele vyake. Theodor Boveri wa Ujerumani alikuwa amefikia mawazo ya aina hiyo kwa kuchunguza viumbe wa baharini. Neno jeni lilitolewa na Wilhelm Johannsen wa Denmark mwaka 1909, yeye ambaye pia alitofautisha jenotaipu, yaani nakala alizobeba kiumbe, na fenotaipu, yaani kile kinachoonekana na kupimika.

Ushahidi wenyewe ulitoka kwa nzi wa matunda. Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, hakuwa mfuasi wa Mendel, alikuwa mpinzani. Mwaka 1910 alipata nzi dume mmoja mwenye macho meupe katikati ya nzi wenye macho mekundu. Alimvusha na majike wa macho mekundu, akawazalisha watoto wao kwa wao, na katika kizazi cha pili akapata majike 2,459 wenye macho mekundu, madume 1,011 wenye macho mekundu, na madume 782 wenye macho meupe. Jike mwenye macho meupe hakuwapo hata mmoja. Njia rahisi ya kueleza namba hizo ni kwamba jeni ya rangi ya macho imepanda kwenye kromosomu ileile inayohusika na jinsia, na Morgan, kwa heshima yake, alikubali ushahidi uliomgeuza. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Alfred Sturtevant alichora ramani ya kwanza inayoonyesha mpangilio wa jeni juu ya kromosomu. Kwamba DNA ndiyo inayobeba urithi kulionyeshwa na Oswald Avery na wenzake mwaka 1944, na umbo lake likaelezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, wakitumia pia picha za eksirei za Rosalind Franklin.

Mke wangu amezaa mabinti watatu. Je, ni kweli kwamba mama ndiye anayeamua jinsia? (Baba wa mabinti)

Si kweli, ndugu yangu. Mwaka 1905 Nettie Stevens wa Marekani alichunguza mdudu aitwaye Tenebrio na kukuta kwamba seli za jike zina kromosomu 20 kubwa, na za dume zina 19 kubwa na 1 ndogo. Akaelewa kwamba nusu ya mbegu za dume hubeba ile kubwa na nusu ile ndogo, na kwamba mbegu ndiyo inayoamua. Kwa wanadamu ni vivyo hivyo: mama mwenye kromosomu mbili za X hutoa X tu, baba mwenye X moja na Y moja hutoa X au Y. Wala wewe huchagui, kwa hiyo usihamishie lawama kwako.

Je, jeni za njegere za Mendel zimewahi kuonekana zenyewe, au zimebaki herufi A na a? (Mwanafunzi wa kilimo)

Zimepatikana. Mwaka 1990 watafiti wa Norwich, Uingereza, waliitambua jeni ya mikunjo. Katika aina yenye mikunjo, kipande cha DNA chenye herufi zipatazo 800, yaani viungo vidogo vinavyofuatana kuunda uzi wa DNA, kimejipenyeza ndani ya jeni na kuivuruga, hivyo punje hukosa kimeng'enya, yaani protini ya kuendesha kazi za kikemia, kinachotengeneza matawi katika wanga. Sukari ambayo ingegeuzwa wanga hurundikana, sukari huvuta maji, punje huvimba kuliko kawaida, na inapokauka hupoteza maji mengi na ganda lake kukunjamana. Punje ya Aa ina nakala moja nzima, na hiyo inatosha kuifanya iwe ya mviringo. Lakini ukiutazama wanga wake kwa hadubini utaona kwamba chembe zake ni za katikati, wala si sawa kabisa na za AA. Kutawala kwa sifa, kwa hiyo, hutegemea unatazama punje au unatazama wanga ulio ndani yake, na sifa fichi si dhaifu kwa maana ya kushindwa vita. Mara nyingi ni kazi tu isiyofanyika.

Jeni ya urefu wa shina ilitambuliwa mwaka 1997. Aina fupi ya Mendel ina badiliko la herufi moja ya DNA katika jeni ya kimeng'enya kinachokamilisha homoni ya jiberelini, na kimeng'enya hicho hufanya kazi hafifu. Mmea mfupi ukipewa homoni hiyo kwa kunyunyiziwa hurefuka na kufanana na aina ndefu, ila ukizipanda mbegu zake zitaota mimea mifupi.